Bajeti yangu ya kumpeleka mama Dar: kwenye chakula niliandika sifuri

Habari za humu wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimeona vijana wanaulizana bajeti ya siku kwa safari ya Dar, mmoja ameweka mpaka hela ya juisi. Nilicheka, halafu nikakosa raha. Nawapa ya kwangu ilivyokuwa, kwa umri huu sina wa kumdanganya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi huko Mwika, na mama yangu alikuwa anapoteza macho. Daktari wa Moshi alisema ni presha ya macho, akatuandikia barua tumwone bingwa Dar siku ya Alhamisi.

Mabasi hayakuaminika, kwa hiyo nikapanga tufike Jumamosi. Nikapiga hesabu ya kila siku: nauli, basi za mjini, dawa, akiba kidogo.

Chakula: sifuri.

Msinicheke. Tulibeba mikungu miwili ya ndizi, debe la unga na maharage. Mtu aliyekulia mgombani hajawahi kununua ndizi, hata wazo la kuitengea hela halimjii.

Kabla ya Same tukakuta kizuizi. Mgambo wakataka kibali cha kusafirisha mazao, sina. Siku hizo ukitokea upande wetu, karibu na mpaka wa Kenya pale Holili, ulionekana mlanguzi tu. Nikatoa barua ya daktari. Mmoja akaisoma yote, akanirudishia.

"Mwalimu, humu wameandika macho. Unga hawajaandika."

Wakashusha kila kitu.

Dar tulifikia kwa dada yangu Felista, mumewe na watoto wao watano. Ilikuwa mara ya kwanza mama kukanyaga kwa mkwe wake, na kaingia mikono mitupu. Kwetu hiyo ni aibu isiyosemeka. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Hela nilikuwa nayo wakuu. Shida ni kwamba unga ulikuwa adimu, uliuzwa kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi, na sisi hatukuwemo. Wa kuuziwa kichochoroni, kilo moja ilimeza bajeti yangu ya siku mbili. Nilinunua mara moja tu, hela nyingine nikaibania kwa ajili ya matibabu.

Shemeji hakulalamika hata siku moja, namtendea haki. Alikuwa anasema amekula kazini. Mama macho hayakuona vizuri, ila hilo aliliona. Jumatatu akaanza kusema ameshiba kabla sahani haijafika.

Jumanne asubuhi nikamkuta amefunga mzigo wake.

"Nirudishe Mwika. Siwezi kula chakula cha wajukuu zangu."

Nikamwambia zimebaki siku mbili tu. Akasema macho ni yake.

Sasa hapa ndipo ninapojichukia. Nilitoka nje, nikafungua daftari, nikaona tukiondoka siku hiyo hela itabaki. Nikajiambia tutarudi baada ya mauzo ya kahawa.

Nikakubali.

Kahawa ilipouzwa, mama alikuwa haoni kitu. Daktari wa Moshi akanieleza taratibu kwamba presha ya macho ikishakula haikurudishii.

Mama aliishi miaka tisa gizani. Nilipooa, alimpapasa mke wangu uso mzima, akaniuliza anafananaje.

Vijana, andikeni chakula. Andikeni na cha mwenyeji wenu. Na kama mnasafiri na mgonjwa, msiache aibu yake ndiyo iamue siku ya kurudi.

Kama kuna aliyewahi kuwa na mzazi anayekataa matibabu kwa kuona haya, naomba aandike hapo chini alimwambia nini akakubali kubaki. Mama alishazikwa, ila bado nataka kujua.