Koti la Baba Mkwe Kiwandani

Jamani, nichekeni tu, hata mimi nimejicheka mpaka machozi! Nashona magunia kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Misigiri, na kwa kuogopa kuachishwa kazi, mimba yangu niliificha. Kila siku nilivaa koti la baba mkwe, jua linawaka, nikijiona mjanja kuliko wote.

Jana jioni, mama mlinzi akanizuia getini mbele ya bosi.

"Mwanangu, hili koti linazidi kunenepa. Toa alizeti yetu!"

"Shikamoo mama. Sina alizeti, nimeshiba tu."

Akanishika tumbo kwa mikono miwili. Mtoto wangu, msaliti mkubwa, akajibu kwa niaba yangu.

Mlinzi akaruka nyuma. "Bosi! Alizeti ya huyu inapiga mateke!"