Inzi wa Mama Sabuni

Kama kuna kiumbe Mama Sabuni alikichukia kwa moyo wake wote, ni inzi. Nyoka alimwogopa tu, panya alimtegea mtego na maisha yakaendelea. Lakini inzi akitua ukingoni mwa kikombe chake, chai ilimwagwa, kikombe kikasuguliwa na kuloweshwa kwenye maji ya moto, na bado siku hiyo mwenyewe hakukigusa tena. Ndiyo maana mtaani wakamwita Mama Sabuni. Jina likamganda, hata mama mkwe wake akawa anamwita hivyo hivyo.

Usafi huo ndio uliompa heshima. Kukiwa na msiba au harusi, watu hawakuuliza nani anapika. Waliuliza tu kama Mama Sabuni ameshafika. Alikuja na aproni yake, kisu chake na kitambaa chake cha kichwani, akawapanga wanawake wenzake wanawe mikono, na aliyejikuna alirudishwa kunawa upya. Walimnung'unikia sana, lakini walikula kwa raha zao. Wapo wenye matumbo ya wasiwasi, wale wasiogusa chakula cha shughuli popote pale, na hao kwa mkono wake waliomba kuongezewa. Mumewe alipofariki, hicho ndicho kitu alichobaki nacho ambacho hakuna ndugu aliyeweza kukigombania.

Sasa sikia kazi aliyopata.

Kampuni moja ya mbegu, pembeni ya mji, ilitafuta mtu msafi. Bwana shamba wa pale, mtu wa makamo mwenye kitambi na sauti ya upole, alimuuliza maswali mawili matatu, akamtazama kucha, akaridhika. Mama Sabuni alidhani anakwenda kufagia ofisi. Akapitishwa ofisini, akapitishwa kwenye mabanda ya chandarua yaliyopandwa vitunguu, akapelekwa nyuma kabisa kwenye kibanda cha bati kilichojitenga peke yake kama choo cha shule. Mlango ulipofunguliwa, harufu ikampiga usoni. Ndani mlikuwa na sinia za utumbo wa samaki, na utumbo ule ulikuwa unacheza.

Akatoka nje, akatapika kwenye nyasi. Bwana shamba alingoja amalize, akampa maji.

"Pole, mama. Wote huwa wanatapika. Wa kabla yako alitapika huku anakwenda, na hajarudi mpaka leo."

"Mnafuga funza?"

"Tunafuga inzi. Funza ni watoto wao."

Akamweleza polepole. Kitunguu cha mbegu haking'olewi kwenda sokoni. Kinaachwa mpaka kitoe kichwa cha maua meupe, na bila mdudu wa kubeba chavua toka ua hili hadi lile, maua yananyauka bure. Nyuki angefaa, ila nyuki ni msafiri. Anatoka kwa jirani kwenye vitunguu vyekundu, anakuja kwenye vyeupe vyako, na mbegu inakuwa mchanganyiko. Ukimfungia ndani ya chandarua anajigonga mpaka anakufa. Inzi hana makuu. Mpe maua, atatembea juu yake kutwa akilamba utamu, na chavua itashika kwenye vinyweleo vyake.

"Lakini akilelewa ovyo anapata ugonjwa, wanakufa wote," alisema bwana shamba. "Ndiyo maana nataka mtu anayechukia uchafu."

Alikubali, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mama mkwe mzee na wifi asiye na kazi, na hakukuwa na mkono mwingine wa kuleta chochote. Alikubali huku mate yamemjaa mdomoni.

Na usidhani alizoea. Watu hupenda kusema mtu huzoea kila kitu. Uongo huo. Kila asubuhi alivaa glavu, akaziba pua, akapokea ndoo ya utumbo kutoka sokoni, akaugawa kwenye sinia bila kuutazama. Funza wakishiba hutafuta pakavu, basi aliwawekea vumbi la mbao, wakajizika humo, kila mmoja akajifunga ganda lake la kahawia linalofanana na punje ya mtama. Maganda hayo ukiyaweka kwenye friji yanatulia. Ukiyatoa kwenye joto, baada ya muda kidogo inzi anachomoza kichwa. Hivyo ndivyo walivyowapanga, wazaliwe pale maua yanapofunguka. Jioni alijisugua bafuni mwa kampuni mpaka ngozi ikawasha, akabadilisha nguo zote, akarudi nyumbani ananukia kuliko bibi harusi.

Nyumbani alisema yuko idara ya mbegu. Hapo mtu hawezi kumwita mwongo, wala hawezi kumsifu kwa ukweli. Wifi yake, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na kufuli, akaitangaza habari hiyo mtaa mzima.

"Wifi yangu ni mtu wa mbegu," alisema kila alipopata msikilizaji. "Mbegu za kisasa, siyo hizi zenu za kuokota."

Mama Sabuni alimwacha aseme. Aliujua ukweli ukitoka utafanya nini: hakuna mtu atakayekula mkononi mwake tena.

Kilichomponza ni usafi wenyewe. Msimu wa maua ulipofika, alifungua friji ya kibandani akakuta mtu ameweka soda na kipande cha mkate kando ya makopo ya maganda. Alisisimkwa mwili mzima. Kula na funza chungu kimoja, jamani! Akatoa kila kitu, akatwaa dawa kali aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaisugua friji ile ndani na nje kana kwamba anafukuza pepo. Ilipong'aa akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

Bwana shamba aliingia, akanusa, akashika kichwa.

"Mama, hiyo dawa inaua inzi. Hata harufu yake tu."

"Nilikuwa nasafisha."

"Najua. Sasa tutayaweka wapi maganda? Ni haya tu yaliyobaki. Maua yanafunguka Jumatatu, na tukiyakosa haya banda zima linakwenda na maji."

Kosa lilikuwa lake na aliliona. Akasema nyumbani ana friji. Aliyafunga makopo ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, akayasukuma chini kabisa, nyuma ya maji ya kunywa. Usiku huo hakuweza kula, maana alijua kuna nini nyuma ya mlango ule mweupe wa friji, jirani na maziwa ya mama mkwe.

Jumapili walikuwa na ugeni. Ndugu wa marehemu mumewe walikuja na wake zao kumwona mama yao. Mama Sabuni alipika tangu alfajiri: wali, nyama, mboga, mchuzi mzito wa vitunguu. Asichokijua ni kwamba wifi yake, akitafuta nafasi ya vinywaji vya wageni, aliyatoa makopo tangu juzi yake akayapanga juu ya kabati, kando ya jiko, nyuma ya masufuria makubwa. Kwa nia njema kabisa. Mbegu, alifikiri, si kitu cha kuoza.

Watu walikuwa katikati ya kula wakati shemeji mkubwa aliposifia mchuzi. Huyu shemeji ni yule anayechokonoa meno kwa ukucha, kisha anachota wali kwa kidole kile kile. Mama Sabuni alikaa mbali naye kila mara, na kila mara alimpikia.

"Vitunguu hivi vitamu," alisema shemeji. "Ni vya huko kwenu kwenye kampuni?"

"Ngoja nikuonyesheni mbegu zenyewe," wifi akadakia, na kabla Mama Sabuni hajameza tonge alilokuwa nalo, mwenzake alishakwenda na kurudi na kopo, amelibeba kwa mikono miwili kama zawadi. Akalifungua katikati ya meza.

Wakatoka. Wengine waliruka moja kwa moja, wengine mabawa yao bado yamekunjamana wakatambaa ukingoni mwa kopo, wakashuka kwenye sahani ya wali. Mke wa shemeji alitema. Shemeji naye akatema, kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile.

"Fungueni madirisha," mtu akasema.

Hapo Mama Sabuni angeweza kujinusuru. Angesema hajui, ni mbegu zimeoza, ni kampuni imemdanganya, nao wangemwamini, kwani nani angemshuku yeye? Lakini inzi wale walikuwa ndio wa mwisho, na kesho yake vitunguu vingefungua maua bandani. Akainuka, akafunga dirisha la kwanza. Akafunga la pili. Akasimama mlangoni.

"Tokeni taratibu mmoja mmoja," alisema. "Hawa ni wangu. Nawafuga."

Walimtazama kana kwamba ndiye aliyetoka kwenye kopo. Wifi yake alikuwa bado ameshika kifuniko, analia kimyakimya. Mama mkwe ndiye aliyeuliza.

"Unawafuga kwa nini?"

"Kwa utumbo wa samaki, mama. Ndio wanaofanya vitunguu vizae mbegu."

"Na mikono hiyo hiyo ndiyo unayotupikia."

"Nanawa, mama. Unajua ninavyonawa."

"Unanawa," mama mkwe akarudia, akasukuma sahani mbali naye, akaomba ashikwe mkono atoke nje.

Alibaki peke yake na chakula chote. Inzi walizunguka, wakachoka, wakatua: kwenye wali, kwenye nyama, kwenye mchuzi uliosifiwa. Walikula bila kumuuliza amenawa au hakunawa. Alipowatazama kichefuchefu kikampanda kama siku ya kwanza kibandani, ila safari hii hakujua kama ni inzi wale au ni mate ya shemeji yaliyokuwa yanakauka sakafuni. Alichukua chandarua cha kitandani mwake, akaifunika meza nzima, akawakusanya. Jioni ile ile, pamoja na makopo yaliyosalia, akawapeleka bandani kwenye vitunguu.

Vitunguu vilizaa. Bwana shamba alimsifu mbele ya wafanyakazi wote, na Mama Sabuni akamshukuru, akaenda kunawa.

Mwezi haukupita, jirani wa nyumba ya tatu akafiwa. Mama Sabuni akafunga aproni yake, akachukua kisu chake, akaenda. Habari za inzi zilikuwa zimeshamtangulia. Mwenye kusimamia sufuria siku hiyo alikuwa mmoja wa wale aliokuwa akiwarudisha kunawa.

"Dada, leo wewe pumzika tu," alimwambia kwa upole wa kuudhi. "Umefanya kazi sana miaka yote."

Wakamwekea kiti kando. Kutoka pale aliona yote: anayejikuna na kurudi kukata nyama, anayefuta kamasi kwa kiganja. Kisha akamwona inzi. Alitokea upande wa choo, akatua ukingoni mwa sufuria, akasugua miguu yake ya mbele. Mama Sabuni aliwajua inzi sasa kuliko mtu yeyote mtaani. Wake walikulia kwenye sinia aliyoisugua kwa mkono wake, huyu hakuhitaji kuulizwa alikokulia. Inzi yule akateremka, akatembea juu ya nyama.

Mkono wake uliinuka wenyewe kumfukuza, kama ulivyoinuka maisha yake yote. Akaurudisha mapajani. Chakula kilipoiva wakamletea sahani iliyojaa, na yeye akasema asanteni, ameshiba.