Mchujo wa Muleba

Niliporudi Bukoba kutoka chuo cha ualimu, vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, nami niliamini kwamba karibu kila uovu wa nchi hii ungeweza kutibiwa kwa kanuni iliyoandikwa vizuri. Nilianza na klabu ya snuka, ule mchezo wa kuingiza mipira mifukoni kwa fimbo, ambako nilifanywa katibu.

Klabu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Meza ilikuwa mali ya mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapa hapa na kukijua Kihaya kuliko wengi wetu tuliosoma. Ndugu zake walikuwa wamehama mmoja mmoja. Yeye alibaki na mkewe, vitambaa vyake na meza hiyo. Kila mwaka wachezaji wetu wanane walivuka ziwa kwenda Mwanza kushindana na vilabu vya huko. Nilipouliza hao wanane huchaguliwaje, niliambiwa hawachaguliwi; ndio wanane. Baadhi yao walishika nafasi hizo tangu kabla ya vita na sasa hawakuweza kuuona vizuri mpira uliokaa upande wa pili wa meza.

Jambo hilo lilinikera sana. Mzee alikuwa na magazeti ya zamani ya michezo aliyotumiwa na mpwa wake kutoka Uingereza, na humo nilisoma jinsi wachezaji wa kulipwa wanavyolinda nafasi zao. Alama za misimu miwili hujumlishwa, na za zamani hufutwa kadiri mpya zinavyoingia. Walio juu husalimika. Walio chini hurudi kwenye mchujo, wakagombee nafasi zao upya pamoja na watu ambao hakuna aliyewahi kuwasikia. Niliona hapo pana haki isiyomjua mtu kwa sura, nikaketi nikaandika kurasa nne.

Mechi zingekuwa kila Jumamosi saa nane mchana. Atakayechelewa au kuondoka mezani kwa dakika kumi na tano amepoteza. Mwisho wa msimu, wawili wa chini katika wale wanane wangekwenda Muleba, kwenye ukumbi wa wanunuzi wa kahawa uliokuwa na meza nyingine pekee niliyoijua, kugombea nafasi mbili na yeyote atakayejitokeza. Ruhusa ya kukosa mechi ingetolewa kwa msiba wa mzazi, mke au mtoto, tena kwa barua ya balozi wa nyumba kumi. Kifungu hicho nilikitoa katika taratibu za likizo za walimu, na nilikipenda kuliko vyote.

Mzee alizisoma kurasa zote nne, akavua miwani. "Katibu, karatasi yako ina njaa kuliko mbuzi."

"Ina utaratibu, mzee."

"Haya. Tutaona itakula nini."

Msimu wa kwanza niliufungulia kila mwanachama ili wanane wapatikane upya, na kanuni ilifanya kazi yake. Wakongwe watatu walianguka. Akaingia seremala mmoja wa Nyanga, mtu mkimya aliyekuwa ameitengeneza meza yetu mara kadhaa bila kuwahi kuhesabiwa miongoni mwa wanane. Alimaliza wa kwanza. Nilijivuna kana kwamba nimemzaa. Kwa bahati mbaya safari ya mwaka ule ilifutwa kwa ukosefu wa mafuta, naye akasema atangoja.

"Nimecheza miaka tisa kwenye meza ninayoinyoosha mwenyewe," aliniambia. "Nikiingiza mpira, sijui ni mkono wangu au ni kabari niliyoweka chini ya mguu wa meza. Nataka nicheze mara moja tu kwenye meza ambayo sikuigusa."

Msimu wa pili vifo vikazidi. Ugonjwa tuliujua wote lakini hatukuutaja. Tulisema fulani anaumwa, kisha tukatazama chini. Mazishi mengi yaliangukia Jumamosi. Kwetu, jirani akifa hakuna anayeshika jembe hadi azikwe, na mtu akionekana katika shughuli zake, seuze mchezoni, atasemwa miaka. Mimi nilizaliwa kwenye kibanja cha migomba huko huko Muleba. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Bado niliandika mzazi, mke au mtoto.

Barua za mabalozi zikaanza kumiminika. Mchezaji mmoja wa Izimbya aliniletea ya tatu katika msimu mmoja, imekunjwa kwa heshima.

"Hapa pameandikwa umefiwa na mama," nilimwambia.

"Ndiyo, mwalimu."

"Mwezi wa nne ulifiwa na mama. Mwezi wa sita, mama."

"Kumbe wewe una mama mmoja tu? Pole sana, bojo," alisema, kama anayembembeleza mtoto.

Wenzake walicheka hadi mmoja akaangusha chaki. Dada watatu wa mama yangu mimi mwenyewe nawaita mama, na ningemshangaa mtu anayeniuliza ni yupi hasa. Barua ilikuwa ya kweli na ilikuwa ya ujanja kwa wakati mmoja. Nikaipiga muhuri, nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira.

Seremala peke yake hakuleta barua. Alikosa Jumamosi moja, ya pili, ya tano.

"Ulikuwa wapi, fundi?"

"Nilikuwa natengeneza jeneza."

"La nani?"

"Mtu wa Kashai."

"Ndugu yako?"

"Simjui."

"Ungeleta barua. Wenzako wote wanaleta."

"Ingesema nini, mwalimu? Kwamba nilimjua?"

Nilimwandikia sifuri, mara tano. Msimu ulipokwisha, alama zake nzuri za mwaka uliotangulia zilimfikisha nafasi ya saba tu. Mtu wa Izimbya, mwenye mama zake wote, alikuwa wa nne, salama.

Tulikwenda Muleba juu ya lori la kahawa. Meza ya kule ilikuwa imeinamia upande wa dirisha. Mpira ulioachwa polepole ulijiondokea wenyewe. Nafasi moja ilichukuliwa mapema. Ya mwisho, ya nane, ikabaki kati ya fundi na karani wa benki aliyehamia kutoka mkoa mwingine na kupanga chumba Kashai, kijana mchangamfu aliyekuwa akimtania tangu asubuhi.

"Fundi, leo umesahau kabari zako?"

"Nimezileta. Nitakukalisha juu yake."

Mshindi angekuwa wa kwanza kufikisha michezo mitatu. Fundi alikuwa na miwili, karani mmoja, na katika mchezo wa nne ilibaki mipira mitatu ya mwisho, wa bluu, aliotakiwa fundi kuuingiza kwanza, ukiwa mdomoni mwa mfuko. Hapo mlango ukafunguka, akaingia mzee mmoja ameshika kofia.

"Samahanini. Tumeambiwa humu kuna seremala."

"Wa kwenu yuko wapi?" aliuliza fundi, bado ameinama.

"Ndiye tunayemzika. Mbao zake zipo. Hakuna wa kuzipasua."

Watu waliweka chini vikombe. Waliokuwa wamevaa kofia walizivua. Fundi alisimama wima.

"Maliza kwanza," nilisema. "Ni dakika mbili tu, fundi."

"Huyu mzee amesimama, mwalimu." Aliiegemeza fimbo ukutani. "Naomba mipira ibaki hivi hivi. Nitarudi jioni."

"Kanuni hairuhusu."

"Mimi nitangoja," alisema karani. "Sina haraka."

"Si hiari yako wala yangu."

Nilisema hivyo, na nilikuwa na sababu. Nikimpa huyu jioni moja, kesho mtu wa Izimbya ataniletea mama wa nne, na klabu itarudi kuwa ile ya zamani, ya watu wanaojuana. Nilimtazama fundi nikitamani abishane nami. Aliniinamishia kichwa kama anayenipa pole, akatoka na yule mzee.

Tulingoja dakika kumi na tano, karani na mimi, tukiitazama mipira mitatu. Ukumbi ulikuwa umebaki tupu. Wote walikwenda msibani. Nikaijaza fomu, nikampa asaini.

"Nisiposaini?"

"Nitaandika umekataa, na nafasi itabaki yako."

"Basi nitasaini. Lakini andika na alikokwenda."

Fomu niliyoichora mwenyewe haikuwa na mahali pa kuandika hilo. Nililiandika pembeni, kwa herufi ndogo: ameondoka kumtengenezea marehemu jeneza. Nilitumaini kamati ya klabu, yaani mzee na wachezaji wanne wa juu, itasoma, itaguswa, itaamuru mechi irudiwe, na mimi nitakuwa nimeilinda kanuni bila kumuumiza mtu.

Kamati ilisoma. Mtu wa Izimbya, ambaye kwa nafasi yake ya nne alikuwa na kura, alisema fomu imechafuliwa. "Kanuni yako, ukurasa wa tatu, mwalimu. Hakuna maandishi pembeni." Nilimtafuta mzee kwa macho anisaidie. Alikuwa anafuta miwani.

"Iandike upya," alisema. "Safi."

Niliiandika upya. Siku iliyofuata nilipanga foleni benki hadi dirishani kwa karani, nikaipitisha chini ya kioo. Alitazama pembeni mwa karatasi, mahali palipokuwa peupe sasa, akasaini, kisha akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.