Nilivyong'oa Mpaka wa Mzee Aloisi kwa Ajili ya Tenisi

Mpaka leo nikienda Uru kwa wakwe zangu nikashika mwiko, kuna watu wanasogeza pipa. Hawasemi kitu, wanasogeza tu, halafu wanaangalia pembeni kama watu wenye adabu, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi, maana wangecheka ningewajibu. Basi ngoja niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, kwa sababu shemeji yangu Deo anaieleza vibaya, na kila akiieleza anaongeza kuku (hakukuwa na kuku).

Ilikuwa siku ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza, Jackline, mwezi wa sita, ule wa ukungu na manyunyu, mlima huuoni wiki nzima na nguo hazikauki. Nilikuwa bibi harusi wa juzijuzi, nina kidato cha nne changu, na kichwani nina jambo moja tu. Nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ualimu mjini Moshi, masomo yanaanza mwezi wa tisa, na ili niende lazima mama mkwe akubali kubaki na mtoto. Prosper, mume wangu, alishakubali. Baba mkwe alisema, "Mimi nasubiri neno la mama." Na mama mkwe alisema neno lake atalitoa siku ya ubatizo, wageni wakishakula.

Kwa hiyo mnielewe: siku ile nilitakiwa niwe malaika. Na nilikuwa! Tangu tumetoka kanisani nilikuwa napika mtori wa ndizi na nyama, nasema shikamoo hata kwa watu niliowazidi umri, natembea kwa hatua ndogondogo kama nimebeba trei ya mayai, tumbo limefungwa kanga ya uzazi mpaka pumzi inapita kwa shida.

Kilichoniharibia ni televisheni ya Deo. Deo ni mdogo wake Prosper, anauza mitumba mjini, na alikuwa ameleta televisheni ile yenye chogo kubwa akaifungia antena kwenye mlingoti wa mianzi. Antena ile ilishika stesheni moja tu, na stesheni yenyewe, sijui kwa nini, ilipenda kuonyesha tenisi. Basi wanaume wa pale kwetu, watu wa kahawa na ng'ombe ambao raketi hawajawahi hata kuigusa, wakawa mabingwa wa kuijadili tenisi. Ukipita asubuhi unawakuta wamesimama na majani ya ng'ombe kichwani wanabishana mpira ulitoka au haukutoka. Mimi sasa, ambaye nilicheza kweli, miaka minne, kwenye uwanja wa udongo uliotengenezwa na masista wa shule yetu kwa udongo wa kichuguu, nilikuwa jikoni.

Siku hiyo ilikuwa fainali ya uwanja wa udongo, huko Ulaya. Yule waliyemwita Bingwa, ambaye umri ulikuwa umeshamtupa mkono, anacheza na kijana mmoja mwenye miguu kama swala. Televisheni iko sebuleni imegeuziwa dirishani, wanaume wako uani chini ya turubai, wamezunguka pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kata inapita mkono hadi mkono, na mechi kabla haijaanza wao wameshaianza.

"Enzi zake zilikwisha siku alipooa," Deo anasema. "Ile miaka yake ya mwanzo, kwenye udongo, nani angemgusa? Kila mpira anafika! Sasa mwoneni, ana mtoto, anacheza kama mtu anayetafuta soksi."

"Lakini bado anashinda," Prosper akasema.

"Anashinda kwa jina. Mtu akishapata mtoto mbio zimekwisha, kaka. Muulize Mama Jack, si alikuwa mchezaji huyo? Sasa hivi kutoka jikoni mpaka hapa anapumzika njiani."

Wakacheka. Prosper naye akacheka. Aliingiza meno ndani ya kata, lakini nilimwona.

Nilikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko wa mtori mkononi. Jamani, miezi mitatu silali usiku, mgongo unaniuma, watu wazima wamekaa wamekunja nne wanakunywa mbege niliyoisagia ulezi kwa mikono yangu, halafu enzi zangu zimekwisha? Nilisikia masikio yanapata moto.

"Shemeji," nikasema, "nikuambie kitu?"

"Niambie, shemeji yangu."

"Wewe hujawahi kukanyaga uwanja wa udongo."

"Nimezaliwa kwenye udongo, shemeji! Ona magoti yangu!"

Wakacheka zaidi. Nikawaambia (nimeshatoka jikoni sasa, hatua ndogondogo zimekwisha) kwamba hawaelewi wanachokiangalia. Kwenye udongo hukimbilii mpira, unauteleza. Unaanza kuteleza kabla hujaufikia, unapiga, unasimama, umeshakuwa tayari kurudi. Bingwa wao katika ile miaka ya mwanzo alikuwa anakimbia ovyo kwa sababu alikuwa anachelewa! Alikuwa anaupita mpira halafu anaurudia. Alipokuwa mtu mzima, na mtoto, na akili, ndipo alipoanza kufika mara moja tu. Enzi zake ni hizi.

"Tuonyeshe basi," Deo akasema.

Mtu mwenye akili angejibu, "Nina mtori jikoni." Na nilikuwa na mtori jikoni kweli, tena unaanza kushika chini. Badala yake nikavua viatu vya kuchuchumia nilivyobatizia mtoto, nikavaa kandambili za Deo zilizokuwa mlangoni, nikachomeka kitenge kiunoni, nikashika mwiko kama raketi.

Nataka hili lieleweke: mtelezo wenyewe ulikuwa mzuri. Sista angepiga makofi. Goti limekunjwa, mwiko uko nyuma, naingia kwenye mpira ambao haupo kwa uzuri kabisa, napiga, mtori kidogo unaruka kutoka kwenye mwiko unamkaa Deo kwenye tai. Tatizo lilikuwa kusimama. Udongo wa uwanja ni mkavu, una vumbi linalokushika. Ua wa kwetu mwezi wa sita ni siagi, tena umeinama. Nikampita Deo, nikampita mume wangu (nilimwona anafungua mdomo), nikalikumba pipa.

Pipa halikuanguka papo hapo. Liliyumba kwanza, likafikiri, halafu likaamua. Mbege yote ikaenda na povu lake la ulezi moja kwa moja kwenye viatu vya baba mkwe na vya wazee wa ukoo waliokuja na kata zao kutoka nyumbani. Nilipojaribu kuinuka, kanga ya tumboni ikafunguka, ikaanza kutoka, ikaendelea kutoka, mimi naivuta kurudi ndani na yenyewe inazidi kuja, mbele ya baba mkwe ambaye mpaka siku ile alikuwa hajawahi kuniona hata kiwiko.

"Yesu na Maria," akasema mama mmoja.

Mama mkwe akatokea mlangoni na Jackline mkononi. Akaniangalia mimi, akaliangalia pipa, akaiangalia kanga. Halafu akafunga mlango. Hakuubamiza, angeubamiza ningejua nimegombezwa na yamekwisha. Aliufunga taratibu kabisa, na mimi nikaona chuo changu kinabaki upande wa ndani.

Sasa hapo ndipo nikapata akili mbaya kuliko ya kwanza. Kwetu Wachagga kuna sale, huu mmea wa majani marefu unaouona umepandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Ukimkosea mtu, ukichuma jani la sale ukamletea na kuomba radhi, hana ujanja, lazima asamehe. Nikawaza, nikimpelekea baba mkwe sale sasa hivi, kabla mama mkwe hajafungua mlango, mambo yatakuwa yameshapoa. Nikatoka mbio kwenye ukungu na kandambili za Deo, nikashika sale la karibu.

La karibu lilikuwa la mpaka wa Mzee Aloisi.

Niwaeleze kidogo. Mzee Aloisi ni jirani wa kihamba cha chini. Yeye na baba mkwe waligombania mpaka tangu Prosper hajazaliwa, wakapelekana kwa wazee, wakapelekana kwa padre, mwisho wakakubaliana kwamba kona ni sale lile moja, na tangu hapo kila asubuhi kila mmoja alikuwa anatoka kulihakiki. Kwenye ubatizo alialikwa, akaja, lakini kigoda chake alikiweka upande wake, akawa anapokea sahani ya nyama juu ya masale.

Nilivuta jani. Miguu ikaondoka. Nikashika shina ili nisianguke, na shina, badala ya kunizuia, likaamua kunisindikiza. Tukateleza wote wawili katikati ya migomba, tukasimama miguuni mwa Mzee Aloisi, kandambili moja sina, sale zima mkononi na mizizi yake na udongo wake.

Mzee alikuwa na mfupa wa mbuzi mdomoni. Akautoa.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ndiyo kona."

Watu wote wakaja. Baba mkwe akaja na panga alilokuwa anakatia nyama, viatu vinalia chwa-chwa kwa mbege. Ningefanya nini? Nikapiga magoti, nikamnyooshea lile limti lote.

"Baba, nisamehe."

Akaliangalia kuanzia majani mpaka mizizi. "Watu huleta jani," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nimekusamehe pipa. Sale ni sale. Mpaka si wangu peke yangu, mwombe na huyo."

Nikageuka na magoti yangu, nikamnyooshea Mzee Aloisi. Naye akasema amesamehe, halafu akauliza swali ambalo wote tulikuwa tunaliogopa. "Lilikuwa wapi?"

Maana mtelezo wangu ulikuwa umefuta kila kitu. Palikuwa na mfereji mrefu wa matope kutoka kwetu mpaka kwake, shimo halionekani. Baba mkwe akaonyesha mwisho wa chini, kwa Aloisi. Mzee Aloisi akaonyesha mwanzo wa juu, kwetu. "Hapa!" "Hapo? Tangu lini, meku, mzee mwenzangu?" Sauti zikapanda, Kiswahili kikaachwa, Kichagga kikaingia, na panga la mbuzi likawa linaonyesha huku na huku karibu sana na pua za watu. Mimi nimepiga magoti katikati nimekumbatia mmea, nawaza: nimekuja kubatiza mtoto, nimeanzisha vita.

Prosper ndiye aliyeniokoa, na kwa hili nilimsamehe kile kicheko. Akasema, "Mama Jack, kwenye tenisi ya udongo, mpira ukibishaniwa, si mwamuzi anashuka kwenye kiti anakuja kuangalia alama?"

Wanaume wote wakageuka. Hilo walilijua. Hilo walilibishania kila asubuhi.

Nikainuka. Nikawaambia, alama ya udongo haidanganyi: mpira unapotua ndipo panapochimbika zaidi, ule mkia unaofuata ni wa kuteleza tu. Basi na mimi ni hivyo hivyo, niliposhika shina ndipo nilipokanyaga kwa uzito wote. Tukaufuata mfereji taratibu, ukoo mzima umeinama, mpaka mahali matope yamerundikana, na kwenye matope kipande cha mpira wa bluu kimechungulia.

"Kandambili yangu!" Deo akaivuta. Chini yake kulikuwa na shimo, na ncha nyeupe za mizizi zilizokatika.

Wale wazee wawili wakachuchumaa, vichwa karibu vigongane. Wakaangalia muda mrefu.

"Ndani," Deo akatangaza kwa sauti ya mtangazaji. "Mpira ndani!"

"Mpira gani?" akauliza Mzee Aloisi.

Wakalirudisha sale pamoja, mmoja ameshika shina, mwingine anafukia, halafu wakalikanyagia udongo kila mtu kwa upande wake. Mzee Aloisi akajifuta mikono, akasema kwake kuna mtungi wa mbege aliouweka kwa ajili ya Jumapili ijayo, na kama watu hawaoni vibaya, Jumapili ijayo ipo mbali. Akachukua kigoda chake, akavuka.

Tuliporudi ndipo Deo akapiga kelele. Fainali! Tukaikimbilia sebuleni. Mama mkwe amekaa peke yake kwenye kochi, Jackline amelala mapajani, televisheni inaonyesha watu wanapeana mikono.

"Mama, nani ameshinda?"

"Yule mzee."

"Mzee yupi?"

"Mwenye mtoto. Mtoto alikuwa kule juu amepakatwa na mama yake, walimwonyesha mara nyingi. Huyu kijana mwingine alikimbia, akakimbia, akachoka. Yule mzee alikuwa anateleza tu." Akageuka akaniangalia, matope mpaka masikioni, kanga shingoni kama skafu. "Vizuri kuliko wewe."

Nikaivua ile kanga shingoni, nikaanza kuikunja.

"Mtori wako umeungua," akasema. "Chuo nenda. Huyu niachie mimi, tuna mambo yetu ya kuangalia."

Nilikwenda. Mwezi wa tisa nilikuwa darasani, na kila nikirudi mwisho wa wiki nawakuta wawili wale mbele ya televisheni wananinyamazisha. Kuteleza nimeacha. Nikitaka kuthibitisha jambo mbele ya wakwe, nalithibitisha nimekaa, mikono mitupu, na pipa nimelipa mgongo. Deo bado anasema enzi za Bingwa zilikuwa ile miaka ya mwanzo. Kandambili yake ya pili iliishia kwangu, na sina mpango wa kuirudisha.