Sahani Niliyoitupa

Nilikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu wakinisikia nikianza habari za maabara ya Tabora, enzi za Mwingereza, hudhani nataka kujisifu. Sina cha kujisifia. Usafi huo ndio ulioniponza.

Kazi yetu ilifanyika katika chumba kimoja cha bati, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile ambayo babu yangu aliipita hadi pwani na pembe ya ndovu begani. Mimi nilichemsha sahani za kioo, nikazimwagia rojo linaloganda, nikaotesha juu yake bakteria waliotoka kwa wagonjwa. Daktari, Mwingereza mzee asiyejua kucheka, alinifundisha kwamba sahani yenye doa usilolijua ni chafu, itupwe kwenye sufuria la maji ya moto. Mara mbili alinikaripia mbele ya wauguzi kwa ajili ya madoa. Niliapa kwamba hakutakuwa na mara ya tatu.

Mwaka mmoja mvua zilisomba reli. Kuhara damu kulianzia Kaliua, kukafika mjini, na dawa zilikuwa ndani ya behewa lililokwama njiani. Hapo Daktari akakumbuka chupa yake. Ndani yake mlikuwa na virusi visivyomdhuru mtu, ambavyo chakula chao ni bakteria tu, na yeye alikuwa amevikuza kwa miaka ndani ya bakteria wa pwani. Akaniagiza nivimwage juu ya bakteria wa Kaliua. Vikifanya kazi, alisema, utando wote wa bakteria utayeyuka na sahani itabaki angavu. Kisha akakimbilia wodini.

Kesho yake utando ulikuwa umejaa, mzito kama maziwa mgando, isipokuwa mahali patatu palipokuwa na madoa angavu, kila moja dogo kama kichwa cha pini. Nilijiona nimeshachafua tena. Niliitupa sahani kwenye sufuria, nikaandika daftarini kwamba hakuna kilichotokea.

Siku nne baadaye binti yetu akaanza kuhara. Alikuwa mtoto wetu wa kwanza, ndiyo kwanza ameanza kutembea, bado ananyonya. Dada yangu alikuwa amemfundisha kwa utani kumwita kila kuku shangazi, na alipougua alikuwa akiwaita kwa sauti ndogo kutoka kwenye mkeka, nao wanakuja. Hakufikisha wiki. Nimezika watu wengi tangu wakati ule, lakini sijawahi kubeba jeneza jepesi namna ile, na sitaki kulielezea.

Mama yangu alikuja kutoka kijijini. Tulipotoka makaburini aliwaambia wanawake waliokaa naye kwamba mtoto yule amebemendwa, yaani mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa wakati mtoto bado yuko kwenye ziwa, kosa ambalo huaminika kumuua mtoto. Neno hilo husemwa kuhusu wazazi wawili, lakini kidole humwelekea mama. Mimi hakuna aliyeniuliza nililala wapi. Mke wangu alinitazama mbele ya watu wote, akingoja niseme lolote, nami nikainama kama ninayefunga kamba za viatu.

Jioni ile ile Daktari alikuja kutupa pole. Aliketi kando yangu, akaniambia treni imefika, dawa zipo. Kisha akasema, polepole, kwamba kinachomuuma ni ile chupa. Kungekuwa na doa moja tu angavu kwenye sahani, angechota virusi vya doa hilo, akavikuza juu ya bakteria wale wale wa Kaliua, na baada ya siku mbili angekuwa na dawa ya kujaribu.

“Hakukuwa na kitu, Bwana,” nilimwambia.

Kuanzia hapo nilifungwa mdomo. Ili kumtetea mke wangu ningelazimika kuitaja sahani, na kuitaja sahani sikuweza. Nikajipatia faraja ya mwoga, kwamba pengine yale madoa yalikuwa uchafu kweli. Tulipata watoto wengine wanne. Mama hakula tena chakula kilichopikwa na mkamwana wake, hata siku ya Krismasi, na aliaga dunia akiwa na msimamo huo huo.

Baada ya uhuru, mama akiwa ameshafariki na mimi nikiwa mtu wa makamo, nilipelekwa kwenye mafunzo. Mwalimu akatueleza kwamba bakteria nao wana ulinzi wao. Kila aina hutia alama ndogo za kikemikali kwenye DNA yake, kama wachungaji wa Nzega wanavyokata ng'ombe wao sikio. Kirusi kikijidunga ndani, vimeng'enya vya bakteria huikagua DNA yake, na visipoiona alama huikatakata vipande. Virusi vingi hufia hapo. Lakini vichache sana huponyoka na kutiwa alama ya mwenyeji kabla ya kukatwa, na uzao wao hutoka na alama hiyo hiyo, hivyo huingia kwa bakteria wa namna ile bila kuguswa.

Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Virusi vya pwani vilikuwa wageni kwa bakteria wa Kaliua, na yale madoa matatu yalikuwa ya vile vichache vilivyoponyoka. Hakuna ajuaye kama vingemwokoa binti yangu, lakini ile faraja yangu ilikwisha siku hiyo.

Niliporudi Tabora nilimkuta mke wangu akichambua mchele. Nilimweleza yote, sahani, sufuria, maneno ya Daktari, nikilia kama mtoto. Nilitaka anisamehe, na kusema kweli nilidhani pia ninampa zawadi, ya kumtua mzigo.

Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama siku ya msiba nilikuwa ninajua habari za sahani hiyo. Nikasema nilijua.

“Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa, Baba,” alisema. “Mimi nilijijua kwamba sikufanya kitu. Aliyetakiwa kuambiwa ni mama yako.”