Blanketi Lenye Uso wa Yesu

Emerance hakuwa mtu wa kudanganywa na picha. Kibanda chake katika soko la Virunga kilijaa mablanketi ya manyoya yaliyochorwa simba, chui, maua, hata nembo za timu za mpira, na wateja waliyachagua kwa macho tu, kama watu wanaotafuta kitenge cha harusi.

"Mama, hii ya simba haipite ile ya Barça kwa joto?" waliuliza.

"Simba ni rangi tu. Leta mukono."

Hapo somo lilianza. Linyanyue kwenye mwanga. Ukiona upande wa pili, hilo ni pazia. Kandamiza manyoya kwa kidole. Yasipoinuka, joto halitakaa. Usilifue kwa maji ya moto, usilitumie likiwa bichi. Na baridi ya Goma hutoka chini, kwenye mawe ya volkano, kwa hiyo nusu ya blanketi iende chini ya mgongo. Watu walicheka, wakanunua la simba vilevile. Kizuri chajiuza.

Mama yake, Nyirakamana, alitoka Masisi vita vilipofika kwenye kilima chao. Akaja kukaa kwa bintiye, mtaa wa Keshero, katika nyumba ya mbao ambamo upepo wa ziwa huingia bila kupiga hodi. Baridi aliizoea tangu utoto, lakini kule alikuwa na moto wa kuni na ng'ombe karibu. Hapa alikuwa na godoro jembamba na kikohozi. Muuguzi alionya kwamba kifua cha bibi kisipigwe tena na baridi, kisije kikaingiwa na nimonia.

Emerance akatafuta blanketi zito kuliko yote aliyokuwa nayo. Lilikuwa moja tu, limechorwa uso wa Yesu, mkubwa, wenye macho yanayokufuata popote uendapo. Akalipima kwenye mwanga, akalikandamiza, akaridhika. Nyirakamana alipolipokea alipiga magoti mbele ya uso ule, akasali rozari nzima.

Kila jioni Emerance alimfunika kwa mikono yake, kisha akaenda kulala na watoto chumba cha pili. Lakini kikohozi kilizidi. Akalaumu upepo, akaziba nyufa za mbao. Akalaumu unyevu, akalianika blanketi juani. Hakuelewa kitu.

Asubuhi moja aliingia kuchukua sufuria mama yake akiwa bado amelala. Bibi alikuwa amejikunja chini ya vitenge viwili, anatetemeka. Blanketi lilikuwa kwenye kiti, limekunjwa vizuri, uso juu, na rozari imelazwa kando ya paji.

"Mama! Juu ya nini haujifunike?"

"Nikohoe ku uso ya Bwana, mutoto yangu? Nimuwekee miguu ku macho?"

"Ni polyester, mama! Mashini ya Chine ndiyo ilimuchapa pale!"

"Na foto ya baba yako? Ungeipanguzia mikono?"

Emerance alimkasirikia mama yake, akakikasirikia kiwanda, akajikasirikia mwenyewe kuliko wote. Yeye aliyewafundisha wanawake wa mji mzima kwamba picha haileti joto, hakuwahi kujiuliza kama picha inaweza kulizuia. Alitaka kukimbia sokoni akalete la chui, la simba, lolote ambalo halisaliwi. Lakini alipomshika mama yake mkono, uliwaka homa, na pumzi ilikuwa inakwama.

Jirani yao Védaste akatoa pikipiki. Emerance akanyakua blanketi lililokuwa karibu, hilo hilo la Yesu, akamzungushia mama yake toka shingoni hadi vidoleni. Njiani bibi alijaribu kuitoa miguu nje. Nguvu hazikutosha.

Hospitalini walimpa oksijeni na sindano, naye akazama usingizini.

"Musimufunue," muuguzi alisema. "Apate joto kwanza."

Emerance akaingiza sehemu ya blanketi chini ya mgongo wa mama yake, akalibana miguuni, pale pale penye macho. Baada ya muda alivigusa vidole vya bibi. Vilikuwa vimeanza kupata moto. Alijua vizuri kwamba bibi akifumbua macho tu atavuta miguu, ataomba msamaha, atataka likunjwe.

"Ee Yesu," alinong'ona, "asiamuke. Umuache tu alale."

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe: alikuwa amemwombea mama yake asiamke tena. Aliruka kutoka kwenye kiti, akamshika mama yake bega, akaanza kumwamsha.