Kiingereza changu kimempeleka kaka rumande

Jamani, leo nimemponza kaka yangu mwenyewe.

Cheche ziliruka kutoka jikoni kwake, Muleba, nyumba ya nyasi ya jirani ikaungua. Jirani akashtaki kwamba imechomwa makusudi.

Leo tumeitwa Bukoba mbele ya Bwana Shauri mpya, Mzungu wa serikali anayeamua kesi, ambaye Kiswahili bado hajui. Mkalimani anaumwa. Mimi niliyesoma misheni nikajitolea!

Akauliza kilichotokea. Nikajibu kwa sauti: "He set fire to the house."

Nilikusudia kusema nyumba ilishika moto. Kumbe nimesema kaka ameitia moto.

(Shuleni tulifundishwa kwamba "fire" huenda na "set", huenda na "catch". Nikayachanganya.)

Mzungu akaandika. Nikaruka: "No, sir! Caught! It caught fire!"

Akasema nabadilisha maneno ili kumwokoa ndugu yangu. Kaka apelekwe rumande.

Askari akamshika mkono. Kaka, asiyejua Kiingereza hata salamu, akanigeukia na kutabasamu.

"Asante, mdogo wangu. Nimeona ulivyonipigania."



Sasa niko nje ya boma, na shemeji, mkewe, anakuja na chakula cha kaka. Mngekuwa ninyi, mngemwambia nini?